Mke wa Kwenye Sentensi

Mwadini alikufa Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 2007, akiwa kwenye foleni katika duka la Charanjit na mkate mkononi. Charanjit aliniambia baadaye kwamba mkate hakuuangusha. Aliinama taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, akakaa chini, akaupakata mkate wake. Daktari alisema ni moyo. Wakati huo mimi nilikuwa nyumbani naosha vyombo na kumnung'unikia peke yangu, kwa sababu alikuwa ameacha karatasi zake mezani juu ya maji ya chai, na nilishapanga maneno ya kumwambia akirudi.

Karatasi ya juu ilikuwa na sentensi moja isiyokwisha. Aliiandika kwa Kiingereza, kama sentensi zake zote, lakini hapa nitaziandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ninavyozikumbuka. Ilisema: "Kama mke wangu angalijua kwamba halua nimeshaiona..." Basi. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mkate umekwisha.

Halua ilikuwa vita vyetu. Mwadini alikuwa na sukari, na daktari alimkataza vitu vitamu vyote. Lakini dada yangu wa Unguja akipata msafiri tu alileta kopo la halua, na mimi sikuwa na moyo wa kuligawa lote. Nikilificha kwa ajili ya wageni. Mwadini akilitafuta. Nimewahi kulificha ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya buti la mvua, na mara moja juu ya kabati, nyuma ya picha ya mama yake, mahali ambapo nilidhani ataona haya kugusa. Hakuona.

Na sentensi zilikuja kwa sababu ya Hien.

Hien alikuwa mpangaji wetu, mwanafunzi kutoka Vietnam. Nyumba yetu iko huku kwa Waingereza, Selly Oak, mtaa ambao ukitutoa sisi na majirani wachache, waliobaki ni wanafunzi na mapipa yao ya taka. Kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa na Mwadini akarudi nyumbani na mikono isiyojua ikae wapi, tulianza kukodisha chumba cha juu, kwa wasichana tu. Hien alikuwa mpole, akila jikoni pamoja nasi, akituita Anti na Anko.

Jioni moja alikuwa mezani na kitabu cha mazoezi ya Kiingereza, akinakili maswali ya kumpelekea mdogo wake. Mdogo wake, Thao, alikuwa kwao Nam Dinh akijitayarisha kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mwaka uliotangulia alikuwa amefeli, na kilichomwangusha ni Kiingereza. Baba yao alisema atampa mwaka mmoja mwengine, na huo ndio wa mwisho. Akifeli tena atakwenda kwa shangazi yake kushona viatu kiwandani. Thao alitaka kuwa mwalimu.

Mwadini alivuta kile kitabu akasoma: Bwana Brown huenda maktaba kila Jumamosi.

"Huyu Bwana Brown hana mke?" akauliza.

"Sijui, Anko."

"Hana jirani? Hana maradhi? Hajagombana na mtu?"

"Hapana. Anakwenda maktaba tu."

"Ndiyo maana mtoto anafeli. Analala usingizi. Lete kalamu."

Ikawa hivyo. Hien alimwambia wiki hii Thao anafanyia mazoezi kitu gani, nyakati au maneno mapya au vile vihusishi vidogo vinavyowasumbua wote, na Mwadini alitunga. Kila sentensi iliachwa pengo na kupewa majibu manne, moja tu ndilo sahihi, kama ulivyo mtihani wenyewe. Hien alisahihisha Kiingereza kisha akatuma kwa barua pepe. Sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa hii: "Nilipoingia jikoni, mke wangu alikuwa ____ halua ndani ya mashine ya kufulia." Majibu: anaficha, akificha, ameficha, atakana.

Niliposomewa nilimrushia kitambaa cha vyombo.

Kesho yake Thao alijibu. Jibu ni la pili, alisema, lakini Anko, je, aliihamisha?

Tangu hapo ikawa hadithi ya kila wiki. Mke wa Mwadini alikuwa mkorofi, mwerevu, mwenye macho kisogoni. Alijua kuhesabu vipande vya halua kwa kupima kopo mkononi. Alilala na funguo chini ya mto. Nusu ni kweli, nusu ni uzushi, na msichana mmoja ng'ambo ya dunia alikaa kwenye duka la intaneti akicheka mpaka mwenye duka akamwambia apunguze sauti. Alama zake zikaanza kupanda. Mimi nilisema simtaki huyo mwanamke wa kwenye sentensi, ananiharibia jina. Mwadini akasema, "Huyo nimemwoa zamani kuliko wewe."

Siku ya hitima jikoni palijaa wanawake. Shemsa, jirani yetu, Mzanzibari mwenzangu, alifunua sufuria kubwa lililokuwa juu kabisa ya kabati, akatoa kopo la halua.

"Saleha, hii unaitaka itolewe?"

"Toa," nikasema. "Hakuna tena wa kufichwa."

Akalifungua. Ndani palikuwa na kipande kimoja cha halua, chembamba kama ukucha, na chini yake mche wa sabuni ya kufulia umefungwa vizuri kwa karatasi ya fedha, ili kopo lisipoteze uzito. Shemsa alinitazama. Mimi nilimtazama. Nikaanza kucheka, na wale waliokuwa sebuleni wakisoma wakanyamaza, wakidhani kilio kimenibadilika.

Watu walipotawanyika, Hien alikuja kukaa mbele yangu, macho mekundu.

"Anti, mama yangu amepiga simu. Anaomba kitu, lakini ni kitu kibaya."

"Sema, mwanangu."

"Anaomba Thao asiambiwe. Mpaka amalize mtihani, mwezi wa saba. Kila siku anamtaja Anko. Mama anaogopa akisikia ataacha kusoma."

"Na sentensi?"

Hien akainamisha kichwa. "Nilifikiri... Mimi siwezi. Zangu zote ni Bwana Brown."

Mimi niliishia kidato cha nne. Kiingereza changu ni cha dukani na cha hospitali. Lakini nilikuwa nimeishi miaka mingi na mtungaji, na nilikuwa nimekaa eda. Kwa asiyejua, mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Mtihani wa Thao ulikuwa ndani ya muda huo. Nilikuwa na nyumba tupu, kalamu ya Mwadini, na hakuna pa kwenda. Nikasema lete.

Shemsa alinikuta naandika.

"Nini hiyo?"

"Sentensi za Mwadini."

"Mwadini hayupo."

"Thao hajui."

Alikaa. "Saleha, wewe umo ndani ya eda, unatakiwa ushike tasbihi. Unaandika vichekesho kwa jina la maiti?"

"Tasbihi nimeshavuta. Nisaidie hapa, nataka kitu kuhusu wakati uliopita."

Alikataa. Akasema ni aibu. Kesho yake alirudi pamoja na Rukiya, Msomali aliyekulia Garissa, anayekaa nyuma ya kituo cha treni. Nilidhani wamekuja kunionya wawili. Shemsa akasema, "Hebu andika hii. 'Rukiya angalirudisha sufuria langu la pilau kama angalikuwa na haya.'"

"Ati nini?" Rukiya akaweka kikombe chini. "Kumbe ndiyo maana umenileta huku? Sawa. Andika na yangu. 'Shemsa amefeli mtihani wa gari mara nyingi hivi kwamba mtahini anamjua mpaka jina la mamake.'"

"Anamjua kwa sababu tunasalimiana!"

"Wallahi, ulisimamisha gari katikati ya barabara, ukiwa kwenye mtihani, ukashusha kioo ukaanza kumsalimia shangazi yangu!"

"Ningempita kama simwoni? Mtu mzima?"

"Watu walipiga honi mpaka mtaa wa Bournville ukasikia."

Niliandika zote mbili. Hien aliporudi kutoka chuoni alizisoma kwa makini, akasahihisha mahali pawili, akauliza, "Anti, kwani sufuria ni la nani hasa?" Shemsa akamwambia kwa Kiingereza chake, Rukiya akamwambia kwa chake, ikabidi nizime jiko niwanyamazishe.

Thao alijibu: "Nimepata zote. Kwa maoni yangu sufuria lirudishwe."

Siku ya pili sufuria lilikuwa mlangoni kwa Shemsa, limesuguliwa mpaka linang'aa. "Sitaki kujulikana Vietnam," Rukiya akasema.

Tukaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Wanawake waliokuja kunifariji walikuta kazi. Mmoja alisimulia harusi iliyokosa bwana harusi kwa sababu treni ya Cross City ilimpitiliza kituo, mwengine alitukana baridi kwa maneno mapya kumi na mawili. Tulimweka Charanjit, tukamweka na paka wake. Tulimfanya Mwadini aende huku na huku, apande mabasi, agombane na mbwa, akose miwani iliyo usoni pake. Yeye aliyekuwa amelala Handsworth kaburini alikuwa na shughuli nyingi kuliko sisi sote.

Ila kitu kimoja sikuweza. Sikuweza kuandika "mke wangu." Nilijaribu. Kalamu ikifika hapo inasimama. Kumtania mke ilikuwa kazi yake, na nikiishika mimi naona kama nimevaa shati lake. Kwa hiyo yule mwanamke mkorofi wa halua akatoka kwenye sentensi bila kuaga.

Mwanzoni Thao aliuliza. Halua iko wapi sasa, Anko? Hatukujibu. Akauliza tena. Mwezi wa nne akaacha kuuliza, na barua zake zikabadilika. Zikawa za heshima mno. "Anko, ule vizuri." "Anko, hapa kuna joto, huko naona ni baridi, vaa koti." Mara moja akaandika: "Anko, usikae peke yako sana. Ukitaka kuniandikia mambo ambayo si mazoezi, niandikie." 

"Mtoto ana adabu huyu," Shemsa akasema.

"Anafundishwa vizuri," nikasema, na nilijisifu kimoyomoyo.

Mwezi wa tano aliuliza kitu cha ajabu kidogo. Katika sentensi zote za zamani, alisema, Anti hakuwahi kutajwa jina. Anaitwa nani? Hien aliniuliza kama ajibu. Nikasema kuna ubaya gani, mwambie Saleha. Thao akajibu kwa neno moja, ahsante.

Mtihani ulikuja mwanzoni mwa mwezi wa saba, siku mbili mfululizo. Hien hakula siku hizo. Mimi nilikula kwa niaba yake. Nilikuwa bado nina eda, siku chache zimebaki, na Shemsa na Rukiya walikuwa kwangu asubuhi ile Hien alipopiga simu Nam Dinh. Aliiweka simu katikati ya meza na kuifungulia sauti, kwa sababu tulimwambia kwamba sisi ni walimu na tuna haki.

Waliongea Kivietnam. Sauti ya Thao ilikuwa nyembamba, ya haraka. Hien akatuambia kwamba Kiingereza kilikwenda vizuri sana, fasihi ya kwao vizuri, hesabu hajui imekwendaje. Rukiya akapiga vigelegele. Kisha Hien akavuta pumzi, nikajua sasa anakwenda kusema lile jambo.

Alisema maneno machache. Thao alimkatiza. Aliongea muda mrefu, na uso wa Hien ukaanza kufanya mambo ambayo sijawahi kuyaona katika uso wake. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Vipi?" Shemsa akasema. "Analia?"

"Anasema alijua tangu mwezi wa nne." Hien alinigeukia. "Anti... anasema pole."

"Mwambie ahsante. Mwambie..."

"Hapana, Anti. Haniambii mimi nikupe pole wewe. Anataka nimpe pole Anko. Kwa kifo chako."

Niliirudisha sambusa yangu sahanini.

"Kifo cha nani?" nikasema.

"Chako. Mke alitoweka ghafla kwenye sentensi. Anko akawa hataki kabisa kumtaja. Akajua umekufa na Anko ana huzuni. Hakutaka kuuliza zaidi asije akamuumiza." Hien alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Amekuweka kwenye meza yetu ya wazee waliofariki. Jina lako ameliandika. Kila jioni anakuwashia udi."

Shemsa alisimama. "Udi? Saleha amefukizwa udi na yumo ndani ya eda?"

"Mwenyewe hajausikia," Rukiya akasema.

"Lakini ni manukato! Eda itakuwa imeharibika?"

"Shemsa, moshi wa Vietnam utafikaje Selly Oak? Hata treni ya hapa haifiki kwa wakati."

"Na kuna peremende," Hien akaongeza. "Anakuwekea peremende kila siku, kwa niaba ya Anko. Anasema ni za kukuomba radhi kwa ajili ya halua."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nimekaa hapa nakula sambusa za Rukiya na huko nafukizwa. Bila kufikiri nikaiinamia simu nikasema kwa Kiingereza, "Thao, hujambo? Mimi ni Saleha."

Tulisikia ukelele, kisha kishindo, kisha sauti za watu wengi wa Nam Dinh. Ilichukua muda simu ikaokotwa.

"Anti Saleha?" Sasa alisema Kiingereza, kwa uangalifu, kila neno limesimama wima. "Anti, uko hai?"

"Niko hai, mwanangu."

"Lakini nilikuomba unisaidie kwenye hesabu! Siku zote mbili nilikuomba wewe!"

"Hesabu? Thao, hesabu mimi nilipata sifuri kidato cha nne. Ungemwomba mtu mwengine."

Alicheka. Sote tulicheka, na wa kwake waliokuwa nyuma wakacheka bila kujua wanachokichekea. Kisha kicheko chake kikapungua polepole, nikamsikia anafikiri. Alikuwa mwerevu. Kama mke yuko hai, na nyumba imekuwa na jambo la kufichwa tangu mwezi wa nne, kuna mtu mmoja tu aliyebaki.

"Anti," akasema. "Anko yuko wapi?"

Hien alitaka kujibu, nikamzuia kwa mkono. Nilimwambia mwenyewe. Nilimwambia Jumanne, foleni, na mkate ambao hakuuangusha. Nilimwambia na sabuni ndani ya kopo, maana niliona hiyo ni haki yake kuijua, ndiye aliyeifuatilia ile halua kuliko mtu yeyote. Alilia, kisha akakoroma kidogo kwa kucheka nilipofika kwenye sabuni, kisha akalia tena.

"Basi nani alikuwa ananiandikia?"

"Mimi. Na hawa majirani."

"Nilidhani Anko amezeeka," akasema. "Vichekesho vilikuwa vimepoa."

"Vimepoa!" Shemsa akasema. "Mtoto huyu hana adabu kabisa."

Kabla ya kukata simu aliuliza sentensi ya mwisho ya Anko ilikuwa ipi. Niliichukua kwenye droo. Karatasi ilikuwa na alama ya maji ya chai. Nikamsomea: kama mke wangu angalijua kwamba halua nimeshaiona. Akaniuliza inaendeleaje. Nikasema haiendelei.

Majibu yalitoka mwezi wa nane. Kiingereza alipata alama za juu. Hesabu zilikuwa hafifu, kama nilivyotegemea kwa msaada wangu, lakini jumla ilitosha na chuo cha ualimu kikamchukua. Baba yake alichinja bata. Shemsa alifaulu mtihani wa gari mwaka huo huo, vuli ilipoingia, siku ambayo hakuna mtu anayemjua aliyekuwa barabarani.

Imepita miaka miwili. Hien amerudi kwao na ana mume. Chumba cha juu anakaa msichana kutoka Leeds ambaye hali jikoni. Thao bado anasoma, na jioni anafundisha watoto wanaojitayarisha kwa mtihani ule ule, sebuleni kwa mama yake. Jina langu amelitoa kwenye meza ya wazee na amemweka Mwadini, na picha niliyompelekea, ile aliyovaa ovaroli ya kiwandani. Peremende zinaendelea. Mwaka huu aliwapa wanafunzi wake ile nusu ya sentensi waimalize, kila mtu kwa namna yake, akanitumia zote. Mmoja ameandika kwamba kama mke wangu angalijua, angalikula iliyobaki kabla yangu. Mwengine, kwamba angalijifanya hajui. Huyo wa pili nilimpa alama zote.

Kila Jumamosi napanda basi mpaka maktaba, mimi na Bwana Brown, nampelekea Thao sentensi mpya kwa barua pepe. Mke yumo.